Barua ya wazi kwa Gavana wa Nevada: kuta za udongo za Overton zikarabatiwe kwa udongo

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Nevada,
Carson City.

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mwashi na mkazi wa Las Vegas. Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yangu, na ndiyo lugha ya majirani wengi ambao ningependa waisome kabla sijaitafutia mfasiri wa kuifikisha ofisini kwako. Ninachokiomba ni kwamba, katika bajeti ya miaka miwili utakayoiwasilisha mbele ya Bunge la Jimbo, utenge fungu la kudumu la kuzitunza kuta za jumba la makumbusho la Lost City, katika mji mdogo wa Overton, kwa udongo na kwa mikono ya vijana watakaofundishwa kazi hiyo na kulipwa.

Jumba hilo lina uhusiano wa karibu na kiti unachokikalia. Mwaka 1924, ndugu wawili wa bonde la Moapa, ulipo mji wa Overton, John na Fay Perkins, walimpasha Gavana James Scrugham habari za magofu ya kale waliyoyaona, naye akamwita mwanaakiolojia Mark Harrington aje kuyachimba. Yalikuwa makazi ya Wapueblo wa kale, watu waliolima na kujenga kando ya mto Muddy karne nyingi kabla yetu. Miaka michache baadaye, bwawa ambalo leo linaitwa Hoover lilipokuwa likijengwa, ilikuwa wazi kwamba maji ya ziwa Mead yatafunika sehemu kubwa ya magofu hayo, na Harrington alirudi kuokoa kilichoweza kuokolewa. Safari hii alisaidiwa na vijana wa Kikosi cha Kiraia cha Uhifadhi, kilichojulikana kwa herufi CCC. Mwaka 1935 jumba walilolijenga vijana hao ili kuhifadhi vilivyookolewa lilisimama. Mwaka 1938 maji yaliufikia mji jirani wa St. Thomas, na wakazi wake wa mwisho wakahama.

Naomba nikae kidogo kwa hao vijana, kwa maana ndio walionifanya nishike kalamu. Kikosi chao kilianzishwa mwaka 1933, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, ambapo takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Walilala katika kambi zilizosimamiwa na jeshi, wakalipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa familia zao. Haki haikuwa sawa kwa wote: vijana Weusi wengi waliwekwa katika kambi za peke yao, na jambo hilo halifai kufichwa tunapoisifu kazi iliyofanyika. Hata hivyo nadhani serikali ya wakati ule ilikuwa sahihi katika jambo moja kubwa. Ilimpa kijana mwenye njaa ujira, lakini pia ilimpa kazi ambayo matunda yake yangebaki. Vibanda vya mawe mekundu walivyovijenga katika hifadhi ya Valley of Fire, karibu na Overton, bado vimesimama jangwani.

Jumba la Overton limejengwa kwa matofali mabichi, yaani yaliyofyatuliwa kwa udongo na kukaushwa juani bila kuchomwa. Nilipolitembelea mara ya kwanza, siku ya joto kali, niliweka kiganja ukutani upande wa kivulini nikakuta ukuta umepoa, nikakumbuka tembe la bibi yangu huko Dodoma. Nyumba ile tuliipoteza kwa kosa ambalo sitaki kuliona likirudiwa. Fundi mmoja aliyeaminika alishauri ukuta upigwe lipu ya saruji ili udumu. Ukawa mzuri kweli kwa msimu mmoja. Lakini saruji haiuachi udongo upumue: maji yaliyopenya kwenye nyufa yalikwama nyuma ya lipu, udongo ukalegea bila sisi kuona, na masika ya pili lipu ilibanduka kama ganda la yai, ikiwa imeshikamana na kipande kizima cha ukuta. Ukuta wa udongo unataka kukandikwa upya mara kwa mara kwa udongo unaofanana nao, uliokandwa vizuri na kuchanganywa na nyasi kavu, na unataka mtu wa kuukagua kila baada ya mvua, hata mahali ambapo mvua ni chache kama Overton.

Sidai kwamba jumba hilo limetelekezwa. Hofu yangu ni kwamba ukarabati wa namna hii ni wa kila mwaka na gharama zake ni ndogo ndogo, na matumizi ya aina hiyo ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana, kisha ukuta unapoanza kuporomoka hutafutwa suluhisho la haraka, na mara nyingi suluhisho hilo huwa saruji. Kundi la vijana wachache wa bonde la Moapa, wakilipwa ujira wa haki na kufundishwa kuchagua udongo, kufyatua tofali na kukandika ukuta, wangeweza kulitunza jumba hilo na kubaki na ufundi mikononi. Ningependa pia wageni wasimuliwe habari za waliofyatua matofali kwa urefu uleule wanaosimuliwa habari za Perkins, Scrugham na Harrington, na majina yao yasomwe popote yanapopatikana katika kumbukumbu za kambi.

Nikiitwa, nitakuja Overton kila Jumamosi kufundisha, na sitadai malipo. Wanaostahili kulipwa ni hao vijana.

Wako kwa heshima,
Mwashi, mkazi wa Las Vegas