Nimjibu nini mama huyu kuhusu Amosi sura ya 9?

Ndugu mshauri, pamoja na wasomaji wenzangu, Bwana Yesu asifiwe.

Ninaongoza kikundi cha kujifunza Biblia kinachokutana kila Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba, huku kwetu kando ya Ziwa Victoria. Majuzi tulikuwa tunamalizia kitabu cha Amosi, na nilikuwa nimejiandaa vizuri. Niliwaonyesha kwamba sura ya 9 inaanza Bwana akiwa amesimama karibu na madhabahu, mahali ambapo mtu aliyeogopa kuuawa alikimbilia akashika pembe zake, kama alivyofanya Adonia alipomwogopa Sulemani. Safari hii kipigo kinaanzia palepale pa kukimbilia. Halafu njia zinafungwa moja baada ya nyingine: wakichimba hadi kuzimu, mkono wa Mungu utawatoa, wakipanda mbinguni, atawashusha, wakijificha kilele cha Karmeli, mlima wenye mapango mengi, atawatafuta, wakienda vilindi vya bahari, huko atamwagiza nyoka awaume. Nikawapeleka na Isaya 24, ambako kwa Kiebrania hofu, shimo na mtego ni maneno yanayokaribiana sauti, pahad, pahat, pah: anayeikimbia hofu anatumbukia shimoni, akipanda kutoka shimoni ananaswa mtegoni. Utamu wa kufundisha ulinikolea, nikasahau kuangalia nyuso za watu.

Kati yetu yuko mama mmoja ambaye kijana wake alizama mwaka jana akivua dagaa usiku. Mwili haukupatikana. Mama huyu husoma akifuata mistari kwa kidole, na kidole kile kilibaki kwenye mstari wa 3 hata wenzake walipoanza kutafuta wimbo wa kufunga. Akaniuliza taratibu, “Mwalimu, huyo nyoka wa vilindini ndiye aliyetumwa kwa mwanangu?”

Nikasema tuombe. Hilo ndilo jibu alilopata kwangu, na tangu siku hiyo sina raha.

Mzee mmoja wa kanisa aliponisikia nikihangaika alisema nisililegeze Neno, eti kijana alikuwa na nyavu haramu. Iliniuma sana. Amosi hakutumwa kwa wazazi waliofiwa. Alitoka Tekoa, kule Yuda, akaenda kuwaambia watu wa ufalme wa kaskazini, Israeli, siku za mfalme Yeroboamu mwana wa Yoashi, wakati mambo yao yamewanyookea: waliuza maskini kwa jozi ya viatu, wakajinyoosha kwenye vitanda vya pembe za ndovu, wakasema mabaya hayatawafikia. Mstari wa 10 wa sura hiyohiyo unawataja waziwazi. Kweli yaliwafikia, Samaria, mji wao mkuu, ikaangukia mikononi mwa Waashuru mwaka 722 KK. Lakini mama huyu hajawahi kusema hayatamfikia. Yamekwisha kumfikia. Tena nabii mwenyewe, katika sura ya 7, alimsihi Mungu mara mbili kwa kuwa Yakobo, yaani taifa la Israeli, ni mdogo, na mara zote mbili Mungu akaghairi. Alinyamaza pale tu alipoonyeshwa timazi, ile kamba ya fundi ya kupimia kama ukuta umenyooka.

Hayo nayajua, na huenda ningeweza kuyaeleza mbele ya kikundi chote. Shida yangu ni kuyasema mbele yake peke yake. Nikimwambia maneno yale hayamhusu, nitakuwa nimemfundisha kwamba Maandiko ni kuchagua yanayotupendeza? Nimefikiri pia kumsomea Zaburi ya 139, maana inapita njia ileile ya Amosi: mbinguni, kuzimu, pande za mwisho za bahari, na huko nako mkono wa Mungu upo, ila hapo mkono unaongoza na kushika. Kwangu mimi ni faraja kubwa kuliko zote. Ila naogopa kwamba yeye, kwa jinsi alivyo sasa, atasikia tu kwamba Mungu alikuwepo kule majini na bado mtoto hakurudi.

Naomba ushauri, hasa kwa wachungaji na kwa wazazi waliowahi kumpoteza mtoto ziwani au baharini. Nianze na Zaburi, au niketi naye kwanza bila kufungua kitabu? Na yule mzee, nimkanye mbele ya wenzake au faraghani?

Alhamisi ijayo ni zamu ya nyumbani kwake. Nilidhani ataomba udhuru, lakini jana alimtuma mjukuu wake aniulize tutakuwa watu wangapi, ajue achemshe chai kiasi gani.

Mwalimu wa kikundi,
Mwanza