Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Uongozi wa Biashara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wahitimu wenzangu, nakukaribisha kwa furaha katika mahafali haya. Tunajua una majukumu mengi, na kukubali kwako kuja kuketi nasi leo ni heshima kubwa kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipoanza mafunzo haya, wengi wetu tulidhani meneja ni mwenye ofisi na sauti ya kuamuru. Somo lililotubadilisha lilimhusu farasi. Mwaka 1861, Henri Fayol, mhandisi kijana katika mgodi wa makaa ya mawe nchini Ufaransa, aliandika kwamba farasi wa kazi alivunjika mguu huko chini. Akaandika hati ya kuomba mwingine. Mtunza zizi akaikataa, kwa kuwa haikuwa na sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi hakuwepo, wala hakuna aliyeachiwa nafasi yake. Fayol alimsihi, lakini farasi hakutoka, na uzalishaji wa sehemu ile ya mgodi ukapotea.

Mtunza zizi alifuata agizo alilopewa, hatuwezi kumlaumu. Tatizo ni kwamba mhandisi alibebeshwa wajibu wa kazi akanyimwa mamlaka ya kuifanya. Fayol huyohuyo alikabidhiwa kampuni mwaka 1888 ikikaribia kufilisika, akaisimamisha tena, na mwaka 1916 akachapisha mawazo yake kuhusu kazi tano za uongozi: kupanga kwa kuangalia mbele, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti.

Kuzitaja kazi hizo ni rahisi. Sisi tulizielewa siku tuliyokwama. Katika biashara yetu ya mazoezi, mtunza fedha wetu alikuwa na ufunguo wa sanduku, na ufunguo ulikuwa mmoja tu. Siku aliyougua, mzigo tulioagiza ukafika. Fedha zilikuwa humo ndani, sisi tumesimama nje tukilitazama kufuli, na mzigo ukarudishwa ulikotoka. Kesho yake tuliandika nani anashika nafasi ya nani, na kila mmoja anaruhusiwa kuidhinisha kiasi gani bila kuuliza. Tukaongeza jambo ambalo naliona ndilo lenye uzito kuliko yote: anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe ndiye anayeandika daftari. Hatukuweka utaratibu huo kwa kumshuku mwenzetu. Unamlinda hata yeye siku hesabu zitakapogoma.

Baadaye hesabu zilionyesha faida huku sanduku likiwa tupu. Tulikuwa tumeuza kwa mkopo, wadaiwa hawajalipa, na wanaotudai wanabisha hodi. Tangu hapo, mpango wetu haukuishia kwenye malengo ya mwaka. Tulijua wiki gani fedha inaingia, na wiki gani inatoka.

Kugumu zaidi kulikuwa kuongoza. Kumwambia rafiki uliyeketi naye dawati moja kwamba bidhaa alizohesabu ghalani hazilingani na kadi ya kumbukumbu za bidhaa, ukamwambia faraghani, bila kumvunjia heshima na bila kuficha ukweli, kunahitaji moyo. Wengine bado tunajifunza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukosa changamoto. Kitabu kimoja kilisomwa na watu sita kwa zamu. Na tulipopelekwa kujifunza kazini, baadhi yetu tulimaliza majuma yote tukibeba mafaili, tusiione hata mara moja bajeti ikijadiliwa.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kupata vitabu vya kiada kwa ajili ya wadogo zetu wanaobaki. Pili, uwaombe waajiri unaokutana nao wamkaribishe mwanafunzi angalau katika kikao kimoja cha bajeti, hata akae pembeni akisikiliza tu, na wamkabidhi jukumu dogo lenye mamlaka yake.

Tunawashukuru walimu waliotuacha tukosee kisha wakakaa nasi kutafuta kosa lilipoanzia, na wazazi waliotulipia ada kwa kujinyima.

Baada ya kusema hayo, tunakuomba utukabidhi vyeti vyetu na utupe nasaha zako.

Naomba kuwasilisha.