Tusimlaumu asiyegusa mipangilio

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu anayesema kwamba mtu akiingiliwa na virusi ajilaumu mwenyewe, kwa kuwa mipangilio ya kompyuta iko wazi na yeyote anaweza kuibadilisha. Mimi ni fundi wa kompyuta za ofisini, huu mwaka wa 17. Swali langu la kwanza huwa, "Ulibadilisha nini?" Jibu ni lile lile: "Sijagusa kitu." Zamani nilidhani wananificha. Siku hizi nawaamini, maana nikifungua mipangilio naikuta kama ilivyotoka kiwandani.

Mwezi uliopita dada mmoja wa uhasibu aliniita nimwangalizie faili alilotumiwa kwa barua pepe. Kwenye skrini lilisomeka "ankara.pdf", na alama yake ilikuwa kama ya ankara nyingine zote. Nikaweka tiki mahali pamoja tu ili majina yaonekane kamili, na mkia ukajitokeza: "ankara.pdf.exe". Kumbe ni programu. Akaniuliza, "Sasa huu mkia ulifichwa kwa faida ya nani?" Sikuwa na jibu.

Ujanja huo ni wa kale. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kikiwa ndani ya faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa imepangwa kuficha herufi za mwisho, kwa hiyo wengi waliona TXT, wakafungua wakijua ni maandishi matupu. Walisoma walichoonyeshwa. Kosa lao liko wapi?

Lakini linaloniudhi zaidi ni la Windows XP. Ilitoka mwaka 2001 ikiwa na fayawoli, ile ngome ya kuzuia wavamizi wa mtandaoni, ila imezimwa. Mlinzi yupo getini, na aliyemlaza ni mjenzi wa nyumba! Agosti 2003 kikaja kirusi cha Blaster, ambacho hakikuhitaji mtu afungue chochote. Kompyuta ikiwa mtandaoni tu, kinaingia, nayo inaanza kujizima na kujiwasha. Agosti 2004 ikatoka Service Pack 2, yaani sasisho kubwa la XP, na safari hii fayawoli ikaja imewashwa. Wale waliokuwa hawagusi kitu wakaendelea kutogusa kitu, ila sasa wakiwa na kinga.

Sisemi kila mlango upigwe kufuli. Vista, Windows iliyofuata XP na kuuzwa kwa umma kuanzia 2007, ilimwomba mtu idhini mara nyingi mno hadi wengi wakazoea kubofya bila kusoma, na Windows 7 ya 2009 ikalazimika kupunguza maswali. Kupanga vizuri ni kazi ngumu, nakubali. Ndiyo maana nasema ifanywe na wanaolipwa kuifanya, asiachiwe dada wa uhasibu mwenye ankara 40 mezani.

Wiki mbili zilizopita niliangusha simu yangu kwenye basi na sijaipata. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu mpya zenye nguvu ya kutosha zinatakiwa kusimba data zake, yaani kuzigeuza zisisomeke na asiye na ruhusa, bila mwenyewe kuomba, na yangu ni ya baada ya hapo. Niliisikitikia simu, lakini picha na barua za watu zilizokuwamo hazikuninyima usingizi. Namba ya siri niliiweka siku ya kwanza simu iliponidai. Zaidi ya hapo, mimi fundi sikuwa nimegusa kitu.

Fundi wa kompyuta