Mdogo wangu, kabla barua ya posa haijajibiwa

Mdogo wangu,

Kwenye simu nimeshindwa kuongea, kila nikipiga namsikia mama mdogo hapo pembeni yako, na meseji najua anazisoma, kwa hiyo nimeona niandike hapa hapa panapoonekana na kila mtu. Jina lako sijalitaja wala mtaa, ukisoma utajijua. Toka siku ile washenga walipokuja sijalala vizuri. Mimi ndo niliyeipokea ile bahasha, ilikuwa imefungwa kwenye leso nyeupe yenye tarizi, nikaipokea kwa mikono miwili nikaiweka kwenye sinia, kugeuka nikakuona umesimama nyuma ya pazia la chumbani umeshikilia fremu ya mlango mpaka kucha zimebadilika rangi. Nikaona na nikanyamaza. Halafu kesho yake we ukasema ile sentensi yako moja, kwamba kuna mtu mwingine mnaelewana, mama mdogo akajilaza kwenye mkeka kafunga kichwa na kanga, presha imepanda, anasema mkiikataa hii posa mtanizika. Basi nyumba nzima kimya, na we ukanyamaza.

Nakusimulia habari ya ukoo mmoja wa mbali, wa Marekani na Uingereza, watu wenye pesa ambazo sisi hata kuzihesabu hatuwezi. Wiki mbili hizi usiku nasoma habari zao tu, na kila ninapofika nakukuta wewe.

Huyo binti anaitwa Consuelo Vanderbilt, kazaliwa New York tarehe 2 Machi 1877. Baba wa babu yake, mzee Cornelius Vanderbilt, alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo huo, yaani walipishana miezi miwili tu. Mzee yule alianza na mashua ya kuvusha watu kutoka Staten Island, kisiwa cha hapo New York, inasimuliwa mtaji ulikuwa dola 100 za kukopeshwa na mama yake, akaingia kwenye meli za mvuke, kutoka hapo reli, mpaka anakufa kaacha kama dola milioni 100. Alikuwa kazaa watoto 13 lakini karibu mali yote akamwandikia mtoto mmoja wa kiume, William Henry, mabinti wakapata kidogo sana ukilinganisha, na kesi ikaenda mahakamani ndugu kwa ndugu. William Henry akazikuza zile pesa, anafariki 1885 zimekaribia milioni 200. Mtoto wa huyu, William Kissam, ndo baba yake Consuelo. Kwa hiyo mpaka mtoto huyu anapata akili, jina la babu yake lilikuwa limeandikwa kwenye reli na stesheni, na yeye ndo binti pekee wa baba yake.

Ila mwenye sauti kwenye ile nyumba alikuwa mama. Alva. Kwao Mobile, jimbo la Alabama, familia iliyokuwa nazo zikaja zikayumba baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na mtu aliyewahi kuona pesa zinaondoka nyumbani kwao unajua anavyokuwa, anashika kila kitu kwa nguvu, na mtoto pia anamshika hivyo hivyo. Nyumba yao ya kiangazi tu huko Newport, ya marumaru tupu, iliwagharimu dola milioni 11, na ni zawadi ya birthday ya Alva. Consuelo alipokuwa mdogo, wakati wa masomo alivalishwa fimbo ya chuma mgongoni, inafungwa mkanda kiunoni na mwingine kwenye paji la uso, ili akae wima. Ikawa akitaka kusoma lazima akiinue kitabu juu usawa wa macho, maana shingo haiinami. Hii niliisoma mara mbili tatu. Mtoto anafundishwa kusoma huku hawezi kuinamisha kichwa chake mwenyewe.

Alipofika miaka 18 alikuwa na mtu wake, Winthrop Rutherfurd, kijana wa hapo hapo New York wa familia ya heshima, siyo kwamba alimpenda mhuni. Siku ile ile ya birthday yake walikuwa wanaendesha baiskeli, wenzao wamebaki nyuma kidogo, kijana akamwambia nataka nikuoe, binti akakubali. Mama akanusa. Akamsafirisha Ulaya, barua za kijana zikawa hazifiki na za binti haziendi, waliporudi Newport akafungiwa ndani ya lile jumba la marumaru, hatoki wala haonani na mtu. Siku alipopata ujasiri akasema mama mimi nina haki ya kumchagua mume wangu, mama akamjibu, nitampiga risasi huyo kijana, mimi nitanyongwa, na itakuwa ni juu yako. Halafu akaja mama mmoja rafiki wa nyumbani, akamwambia mama yako amepata mshtuko wa moyo kwa ajili yako, daktari kasema ukimbishia tena anakufa.

Mdogo wangu, hapo ndo niliweka simu chini nikatoka nje barazani nikakaa. Mwaka 1895 huo, kwenye jumba la marumaru, na ni maneno yale yale niliyoyasikia juu ya mkeka wetu.

Binti akakubali. Mwanaume aliyechaguliwa ni Duke wa Marlborough, Mwingereza, miaka 23, cheo kikubwa kabisa cha makabaila wa kule, kinaenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume na nyumba na ardhi vinakifuata. Alikuwa na kasri linaitwa Blenheim karibu na Oxford, babu yao alijengewa kwa ushindi wa vita vya 1704, kubwa mno, na pesa za kulitunza hana. Alikuwa na mwanamke anayempenda kwao, naye akamwacha kwa ajili ya paa la nyumba. Ndoa ikafungwa New York tarehe 6 Novemba 1895, asubuhi yake mlinzi kasimama mlangoni kwa binti asipite mtu, na binti alichelewa kanisani kama dakika 20 kwa sababu alikuwa analia na uso umevimba, wakawa wanamkanda na maji.

Huku kwetu mwanaume analeta mahari, kwao mzigo ulitoka upande wa binti. Hisa 50,000 za reli ya Beech Creek, thamani dola milioni 2.5, na kampuni kubwa ya reli ya familia ikaweka dhamana kwamba zitatoa asilimia 4 kila mwaka hata iweje, yaani dola 100,000 kwa mwaka kwa maisha yote ya bwana harusi, na hata wakiachana hazirudi. Juu ya hapo kila mmoja wao na posho yake ya mwaka. Mkataba ulisainiwa kabisa. Nami nimeuliza kuhusu yale malori mawili ambayo anko anasema yataingia kwenye biashara ya kaka zako baada ya harusi, hakuna aliyenijibu.

Alipofika Uingereza bibi yake mume, mama mtu mzima mkali, alimwambia kazi yako ya kwanza ni kuzaa mtoto wa kiume, maana usipozaa cheo kitakwenda kwa Winston. Winston huyo ndo Churchill unayemjua, waziri mkuu wa vita vya pili, kazaliwa kwenye kasri lile lile 1874 na mama yake Jennie naye alikuwa binti wa tajiri wa New York. Consuelo akazaa John mwaka 1897, Ivor akafuata 1898. Kazi aliyopewa kaimaliza ana miaka 21.

Kuna kitu alichokifanya pale Blenheim ambacho kilinifanya nimpende. Desturi ya kasri ilikuwa chakula kinachobaki mezani wanapelekewa maskini wa vijijini, na kilikuwa kinajazwa kwenye makopo vyote pamoja, nyama, mboga, na vitamu vya mwisho, vinachanganyika humo humo. Miaka yote hakuna aliyeona shida. Yeye akaanza kutenganisha, nyama kopo lake, mboga kopo lake, vitamu peke yake, na wale watu wakashangaa kwamba wanaweza kula chakula kina ladha yake. Ametoka kwenye jumba la milioni 11 lakini aliona hicho. Ndivyo ulivyo na wewe, we ndo ulikuwa unamwekea bibi mchuzi kwenye kibakuli chake pembeni usilowanishe wali, wengine wote tulikuwa tunammwagia tu.

Mwaka 1905 mchoraji John Singer Sargent aliwachora familia nzima, picha kubwa kabisa mpaka leo iko Blenheim, mume, mke, na vijana wawili, wamependeza. Mwaka uliofuata, 1906, wakatengana. Mezani walikuwa wanakaa wawili, chakula kinaletwa, mume anazungusha pete kidoleni anawaza yake, mke anafuma sufu, hawasemezani. Talaka yenyewe ikaja 1921 na mwaka huo huo Consuelo akaolewa na Jacques Balsan, Mfaransa, rubani wa siku zile za mwanzo za ndege, na huyu alimchagua mwenyewe ana miaka 44. Wakaishi mpaka mume alipofariki 1956.

Sasa sikia hii, ndo sababu ya barua yote. Mwaka 1926 yule Duke alitaka ndoa ya kwanza ibatilishwe na kanisa Katoliki, na Consuelo naye akakubali kwa sababu ya familia ya Balsan ambayo ni Wakatoliki. Ili ndoa ibatilishwe lazima ithibitike kwamba binti alilazimishwa. Akaitwa shahidi. Alva. Mama ana miaka zaidi ya 70, na katikati hapo alikuwa amegeuka mtu mwingine, aliachana na baba yake Consuelo mwaka ule ule wa 1895, akaja akatumia mali yake kupigania wanawake wa Marekani wapate kura mpaka wakapata 1920. Mama huyu akatoa ushahidi kwamba ndiyo, nilimlazimisha, mtoto wangu hakuwa na uwezo wa kunikatalia, nilimwamuru na nilijua ana mwingine. Kanisa likaifuta ndoa.

Miaka 31 baadaye! Nimejaribu kuifikiria ile siku, mtu na mama yake. Mama kasema kweli, nampa heshima yake, siyo wazazi wengi wanaweza kusimama wakasema hivyo. Lakini yule binti wa miaka 18 aliyekandwa uso na maji alikuwa na miaka 49, na mwaka huo huo, 1926, mwezi wa Aprili, alizaliwa mjukuu wake wa kiume atakayekuja kurithi kasri. Huku ndoa inaandikwa kwamba haikuwa halali mbele ya kanisa, huku matunda yake yananyonya.

Na mjukuu yule walimpa majina John George Vanderbilt Henry Spencer-Churchill. Ona lile Vanderbilt katikati pale, jina la mzee wa mashua limeingia kwenye jina la Duke wa Marlborough wa 11. Alikuja kuwa Duke 1972, akafariki 2014, sasa hivi mtoto wake ndo Duke wa 12. John, yule mzaliwa wa kwanza wa Consuelo, ndo aliyeifungulia kasri wageni waingie kwa tiketi mwaka 1950, maana hata zile pesa za reli hazikutosha milele. Dada mmoja wa huyo mjukuu, Lady Rosemary, alikuwa kati ya wasichana sita waliobeba joho la Malkia Elizabeth siku ya kutawazwa 1953, na bibi yake mwaka 1902 alikuwa kati ya wanawake wanne walioshika kanopi, kile kitambaa cha kumfunika kama kivuli, juu ya Malkia Alexandra. Watu wakiuangalia ukoo hivi wanasema si unaona, ilikuwa heri, bila ile ndoa hawa wote wasingekuwepo. Baba mkubwa anaongea hivyo hivyo, mtamshukuru mama yenu mkishaona wajukuu. Mimi hoja hiyo siikubali. Wajukuu ni wema na Mungu awatunze, ila hakuna mjukuu aliyeomba bibi yake afungiwe chumbani.

Consuelo alifariki tarehe 6 Desemba 1964 huko Marekani, na aliomba azikwe Bladon, kijiji hapo hapo jirani na Blenheim, karibu na Ivor mwanawe aliyetangulia. Alirudi kwa mtoto.

Mama mdogo kama unasoma, na najua utaonyeshwa, mimi nakupenda na nakuheshimu, umetulea sote, na presha yako ni ya kweli, daftari la kliniki nimeliona. Nitakupeleka mwenyewe hospitali na dawa nitanunua kila mwezi. Ila hiyo presha usimpe mtoto aibebe.

Na wewe mdogo wangu, baba mkubwa ndo walii na siku ya nikaha lazima aje akuulize kama umeridhia, lakini usisubiri siku hiyo, ukumbi umeshalipiwa na watu wamejaa utasema nini. Barua bado haijajibiwa. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa asubuhi, mchana nitakuwa hapo. Nitakaa na wewe chumbani kwanza mlango tumefunga, nikuulize mara moja tu, halafu utakachoniambia ndo nitakachokwenda kukisema pale barazani mbele ya wote, na bahasha niliyoipokea mimi nitairudisha mimi.

Dada yako.