Barua kwa mwanangu kuhusu magari matatu ya Turin

Mwanangu mpendwa,

Michoro yako imenifikia, nami nimeitazama kwa furaha kubwa. Nimeona kwamba kila unapotaka gari liende mbio zaidi, unaliongezea injini. Kabla hujaendelea, napenda nikueleze habari za BAT 5, BAT 7 na BAT 9, magari matatu ambayo karakana ya Bertone ya Turin, Italia, iliyaunda kwa ajili ya Alfa Romeo, kampuni ya magari ya Italia, na kuyaonyesha katika maonyesho ya magari ya mji huo mwaka 1953, 1954 na 1955. Hayakuundwa kwa ajili ya kuuzwa madukani. Yalikuwa ya kujaribia fikra.

Aliyeyabuni ni Franco Scaglione, aliyekuwa amesomea uhandisi wa ndege. Alipewa chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, na injini ya gari la Alfa Romeo 1900, yenye nguvu za farasi zipatazo 100, naye akatafuta kasi mahali pengine. Ujue, mwanangu, kwamba kasi ikizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne, kwa hiyo gari lililo mbioni hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa tu.

Scaglione aliyafunika magurudumu, akazificha taa kandokando ya pua, na kuliteremsha paa taratibu hadi nyuma. Lakini ufundi wake mkubwa uko mkiani. Hewa iliyokwisha kupita juu ya gari isipoungana kwa utulivu, huzunguka kwa vurugu na kulivuta gari nyuma. Ndiyo maana alisimamisha mapezi mawili marefu yanayojikunja kuelekeana, kama majani ya mgomba yanayoanza kunyauka. Miaka hiyohiyo Wamarekani nao waliyapenda mapezi, ila mengi yalikuwa mapambo, na hapa ndipo ninapomheshimu Scaglione, kwa kuwa mapezi yake yalikuwa na kazi.

Kipimo cha ukinzani wa hewa, ambacho kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo gari linavyoipenya hewa kwa urahisi, kilikuwa 0.23 kwa BAT 5, na gari hilo lilifikia kasi ya takriban kilomita 200 kwa saa. BAT 7 ilishuka hadi 0.19, kiwango ambacho magari mengi yanayotoka viwandani leo hayajakifikia. Katika BAT 9 mapezi yalipunguzwa sana ili gari likaribie yale ya barabarani. Wapo wanaoliona kuwa ndilo la busara kuliko yote, lakini mimi nalipenda la pili, ambalo mbunifu alilifuata wazo lake hadi mwisho bila kulegeza.

Yote matatu yapo hadi leo, na mwaka 2020 yaliuzwa kwa pamoja katika mnada wa New York kwa zaidi ya dola milioni 14 za Marekani.

Tafuta picha zake zilizopigwa kutoka nyuma, uzitazame kwa mfuatano wa miaka. Na katika mchoro utakaonitumia safari ijayo, naomba uanze kuchora mkia, injini ibaki hiyohiyo.

Mama yako akupendaye