Oktoba 20 msiipite hivihivi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Safu yenu ya "siku kama ya leo" kwenye michezo naipenda sana, ila ikifika Oktoba 20 naombeni msijaze mabao ya Ulaya tu, maana tarehe hiyo mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, ni ya kwetu kabisa watu wa Afrika Mashariki.

Hebu oneni. Fainali ya mita 1500, Kipchoge Keino wa Kenya anaumwa nyongo, siku chache nyuma alishaanguka kwenye mita 10,000, na siku yenyewe basi likakwama kwenye foleni akashuka akakimbia mpaka uwanjani, halafu hapo ndo anaenda kukutana na Jim Ryun wa Marekani mwenye rekodi ya dunia. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, akauchoma mzunguko wa kwanza kwa kasi makusudi, maana Ryun ukimwachia mita za mwisho umekwisha, Keino akapokea akaondoka moja kwa moja, dakika 3 sekunde 34.9, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari! Ryun akaja karibu sekunde 3 nyuma, na kwa mbio hizo hilo ni pengo kubwa mno jamani.

Siku hiyohiyo marathoni. Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa 1960 na 1964, kajitoa kwa maumivu ya mguu, Mamo Wolde akaibeba Ethiopia, dhahabu ya tatu mfululizo tangu 1960. Zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia na mashabiki wengi wameshaondoka, ndo anatokea John Stephen Akhwari wa Tanzania, alianguka njiani, goti limefungwa bandeji, anachechemea lakini anakimbia, anatembea, anakimbia tena mpaka kwenye mstari. Wa 57, baada ya kukimbia kwa saa 3 na dakika 25. Alipoulizwa mbona hakuacha alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma amalize.

Na Dick Fosbury wa Marekani alishinda kuruka juu siku hiyohiyo kwa kutanguliza mgongo, mtindo ambao sasa ndo wanarukia karibu wote, naye astahili kutajwa.

Kwa hiyo mhariri, tengeni ukurasa mzima, Keino, Wolde na Akhwari pamoja, tena Wolde mpeni nafasi ya kutosha maana huyu ndo anasahaulika kuliko wote.

Msomaji wenu