Mwanangu, kujibu ni kitu kimoja na fahamu ni kingine

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma nikiwa zamu nikacheka peke yangu, unaniuliza eti ile programu unayochati nayo usiku ina fahamu au haina, maana umeiuliza yenyewe na imekujibu vizuri kabisa, tena kwa upole kuliko mama yako, halafu mwisho unauliza na pweza je, ana fahamu? Nimeona nikuandikie barua, kwenye simu ningeishia kukwambia kalale.

Kwanza hilo neno watu wanalibebesha mizigo mingi halafu wanagombana bure. Sisi wodini tukisema mgonjwa hana fahamu tunamaanisha hayuko macho na hajibu, basi, hakuna falsafa hapo. Mwanasiasa akitaka watu wapate fahamu anasema habari ya kuamka na kujua haki zao, na shehe au mchungaji anayo dhamiri yake, ile inayokusuta ukifanya ubaya. Yote yana undugu lakini unachouliza we ni kingine, unauliza kama mle ndani kuna anayehisi. Kuwa macho na kuhisi usivichanganye, manake hata sisi wa kazini tunavichanganya.

Angalia tunavyopima. Kuna kipimo kinaitwa Glasgow, jina la mji wa Scotland, walikitunga madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji huo mwaka 1974 na mpaka leo kinatumika karibu dunia nzima. Unaangalia macho, anafumbua mwenyewe au mpaka umuite au mpaka umfinye, hapo kuna alama 4. Maneno alama 5, kuanzia anayejua yuko wapi mpaka asiyetoa hata mguno. Kujongea mwili alama 6. Aliye sawa anapata 15 na wa chini kabisa 3, sifuri haipo hata kwa maiti, wanafunzi wapya hilo huwa linawachekesha sana. Ni kipimo kizuri, alama zikishuka ghafla unajua kichwani kuna jambo na unamkimbilia daktari. Lakini kila kitu humo ni kujibu. Kufumbua jicho ni kujibu, kuvuta mkono ukifinywa ni kujibu. Hakuna hata alama moja ya kuhisi, chombo cha kupima hicho hatuna.

Sasa yule asiyejibu tumweke wapi? Mwaka 2006 mwanasayansi wa ubongo Adrian Owen na wenzake walitoa habari ya dada mmoja wa miaka 23, alipata ajali ya gari, miezi mitano imepita macho anafumbua lakini haongei, ukimwambia nyanyua mkono kimya, kwa vipimo vyote hayupo. Wakamuingiza kwenye mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini wakamwambia fikiria unacheza tenisi, halafu fikiria unatembea chumba hadi chumba nyumbani kwenu. Ubongo wake ukafanya kazi sehemu zilezile kama za mtu mzima wa afya akiambiwa hivyohivyo, tenisi mahali pake na nyumba mahali pake. Mwaka 2010 ikatoka nyingine, wagonjwa 54, watano waliweza, na mmoja wao, mwanaume, walimwambia ukitaka kusema ndiyo fikiria tenisi, ukitaka kusema hapana fikiria nyumba, akajibu maswali ya familia yake mpaka jina la baba! Halafu 2024 ukaja utafiti mkubwa zaidi, kati ya wagonjwa 241 ambao kitandani hawakufuata agizo lolote, 60 ubongo wao ulifuata. Ni kama robo nzima. Mi niliposoma hiyo ilibidi nikae. Manesi wa zamani walikuwa wakali ukimsema mgonjwa vibaya mbele ya kitanda chake, tukawaona wana imani za ajabu, kumbe walikuwa wametutangulia.

Haya, geuza upande wa pili. Mwaka huohuo 1974 (sijui walikula nini mwaka ule) mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz na wenzake waliandika juu ya mgonjwa wanayemwita DB tu, alifanyiwa operesheni ikaondoa kipande cha nyuma ya ubongo kinachoshughulika na kuona, basi upande mmoja wa anachotazama ukawa haupo kwake. Ukiweka taa upande ule anasema sioni kitu. Wakambembeleza, haya kisia tu, elekeza kidole unapodhani ipo. Anapatia. Sio kwa bahati, anapatia mara nyingi mno, na wakimwambia umepatia anashangaa mwenyewe, kwake yeye alikuwa anabahatisha. Yani jibu sahihi limetoka na mwenyewe anaapa hakuna alichoona.

Unaona sasa kilipo kigugumizi changu na hiyo programu yako. Kitandani nina mtu hajibu na yupo, huku nina mtu anajibu vizuri kitu ambacho anasema hakioni, kwa hiyo jibu peke yake halinipeleki popote. Na hiyo programu imefundishwa kwa maandishi ya binadamu, mengi kupita kiasi, na binadamu tukiandika ni nimefurahi, nimeumia, nimekumiss, sasa ikikwambia inahisi imetoa tulichokiweka wenyewe. Ikikwambia haihisi napo ni hivyohivyo, inaweza kuwa imefundishwa kusema hivyo. Mi kwa maoni yangu haina, nitaendelea kusema haina mpaka nione sababu nyingine zaidi ya ufasaha, lakini usinukuu mama yako kama ushahidi.

Wasomi wenyewe bado wanavutana. Mwanafalsafa Thomas Nagel, na yeye mwaka 1974, aliuliza inakuwaje kuwa popo, sio popo anafanyaje, hilo linajulikana, ila kwake yeye popo inakuwaje, na hapo ndo nadhani kaligusa swali lako kuliko wote. Mwaka 1998 Christof Koch, mwanasayansi wa ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers, Koch anasema ndani ya miaka 25 tutakuwa tumeshajua wazi ubongo unatengenezaje fahamu, Chalmers anasema thubutu. Juni 2023 Koch akakubali kashindwa, mbele za watu, akamkabidhi mwenzake mvinyo. Na wanajua mengi hao! Wanajua kwa mfano seli nyingi za neva za ubongo, karibu 80 kwa 100, ziko kwenye ule ubongo mdogo wa kisogoni, na kuna watu wamezaliwa bila huo kabisa na wanaishi na fahamu zao, kwa hiyo wingi wa seli peke yake sio hoja, ukiambiwa kompyuta fulani ni kubwa sana lazima ina fahamu we kumbuka hicho kisogo.

Lile swali lako la mwisho la pweza, hilo rahisi kidogo. Julai 2012 wanasayansi kadhaa wa ubongo walikutana Cambridge, Uingereza, wakatia saini tamko kwamba mamalia wote, ndege, na viumbe wengine wengi, pweza akiwemo, wana mitambo ya ubongo inayohusika na fahamu. Kwa hiyo kati ya pweza asiyeweza kukuandikia hata neno moja na hiyo programu inayokuandikia mpaka saa nane usiku, mi dau langu naweka kwa pweza.

Mama